Imeili inarudi na mapengo: nafasi kati ya aya zinaharibikia wapi ukiriplai

Swali limetoka kwa dada mmoja karani, yupo Mtwara mjini kwenye ofisi inayoshughulikia nyaraka za korosho zinazopakiwa bandarini. Anaandika hivi: "Kaka naomba msaada. Natumia Outlook ya kompyuta ya ofisi, barua naipanga vizuri aya kwa aya, natuma kwa mteja India, yeye yuko Gmail. Akijibu, ile barua yangu inayobaki chini ya majibu yake inakuwa imeachana vibaya, kila aya na pengo kama mtu kabonyeza Enta mara tatu. Nikimjibu humo humo katikati ya mistari, maneno yangu mapya nayo yanaachana. Bosi anasema mi ndo sijui kupanga barua. Mwenzetu wa Lindi anatumia Thunderbird, programu nyingine ya imeili, za kwake zinakuja na shida nyingine, na kuna watu orodha zao za kontena zinafika zimeshikana mstari mmoja. Ni virusi au kibodi imechoka?"

Dada, pole sana, na hilo la bosi tulimalize mapema: sio virusi, kibodi yako haina tatizo na wewe hujakosea kupanga. Barua ilitoka kwako iko sawa na hata leo ukiifungua kwenye zile ulizotuma utaikuta iko sawa. Imeharibikia njiani, na sio njiani kwenye mtandao, ni pale programu moja inapoichukua barua iliyoandikwa na programu nyingine na kuiweka ndani ya barua mpya. Mwonyeshe bosi hizo mbili ubavu kwa ubavu, uliyoituma na iliyorudi, ataona mwenyewe.

Sasa ili uelewe kinachotokea lazima ujue kwamba pengo kati ya aya mbili linatengenezwa kwa njia mbili, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya kwanza ni mstari mtupu, umebonyeza Enta mara mbili, hapo katikati kuna aya nzima isiyo na neno hata moja. Ya pili hakuna mstari mtupu wowote, kuna maelekezo yamefichwa yanasema baada ya aya hii acha pointi nane, au kumi, au sifuri (pointi ni kile kipimo kinachopimia fonti), kisha anza inayofuata. Wengi wetu tumezoea ile ya kwanza kwa sababu ndo inayoonekana kwenye vidole, lakini programu zote zinasoma na hii ya pili hata kama we hujaigusa maisha yako yote, na ugomvi wote unaanzia hapa.

Outlook ya zamani, hii ya kuinstol kwenye Windows, tangu toleo la 2007 imeili zake inazionyesha na kuziandika kwa injini ya Word, kabla ya hapo kuonyesha ilikuwa inatumia ile ya Internet Explorer. Kwa hiyo ukiandika barua humo ni kama upo ndani ya Word, na kila ukibonyeza Enta inatengeneza aya kamili, kwenye HTML, ile lugha ya alama inayopanga sura ya barua kwa nyuma, ni tegi (alama) ya p, na inaipa jina MsoNormal. Halafu juu kabisa kwenye kichwa cha barua, sehemu ambayo msomaji haioni, inaandika mara moja tu kwamba aya zote zenye jina MsoNormal marjini yake, yani nafasi ya juu na chini ya aya, ni sifuri. Yani aya zenyewe hazibebi kipimo, zimebeba jina tu, kipimo kimekaa kule kichwani. Na we kwa kuwa marjini ni sifuri unaona aya zimegandana, unabonyeza Enta mara mbili upate pengo, na Outlook inaweka aya nyingine tupu ya MsoNormal katikati. Hadi hapo mambo safi.

Barua ikifika Gmail inafunguka vizuri pia, maana tangu 2016 Gmail inasoma yale maelekezo ya kichwani, zamani ilikuwa inayatupa. Shida inaanza mteja wako akibonyeza kujibu. Gmail inaikunja barua yako na kuiingiza ndani ya barua yake mpya kama nukuu, na katika kuingiza huko inachukua mwili, kichwa hakiendi nao. Jina la MsoNormal linabaki, tena linaongezewa herufi na tarakimu mbele, ila lile agizo la marjini sifuri halipo tena popote. Ni sawa na kupeleka kitambaa kwa fundi cherehani halafu karatasi ya vipimo ikabaki nyumbani, atashona tu, lakini atashona kwa vipimo vyake. Na vipimo vya HTML kwa tegi ya p isiyo na maelekezo vinajulikana, ni em moja juu na em moja chini, yani kama fonti yako ni pointi 11 basi pointi 11 juu na 11 chini.

Piga hesabu uone. Mwanzo ulikuwa na aya, mstari mtupu mmoja, aya. Sasa baada ya aya ya kwanza kuna pointi 11, kisha ule mstari mtupu wenyewe ambao bado upo na una urefu wake, kisha pointi 11 zingine, ndo aya ya pili inaanza. Marjini zinazogusana hazijumlishwi, inachukuliwa iliyo kubwa, ingekuwa zinajumlishwa ingekuwa mbaya zaidi. Kwa hiyo pengo lako la mstari mmoja limekuwa karibu mistari mitatu, na ndo maana umeona kama mtu kabonyeza Enta mara tatu, jicho lako liliona sawasawa kabisa.

Ukitaka ushahidi, fungua barua iliyorudi kwenye Outlook, bofya kitufe cha kulia cha mausi kwenye maandishi, chagua "View Source". Pale kwenye mistari yako mitupu utaona tegi za u zisizo na kitu ndani. Hizo hukuziweka wewe, Outlook ilikuwa imeweka tegi yake ya o:p inayotumika kwa mambo ya Word, Gmail haiitambui ikaibadilisha kuwa u. Ukiziona hizo jua barua yako imepita Gmail na kurudi, hata kama anwani ya mtu haionyeshi kwamba ni Gmail, maana kampuni nyingi zina majina yao lakini nyuma ni Gmail hiyo hiyo.

Kuna kipimo kingine rahisi zaidi na hiki nakuomba ukizoee kwa sababu kinakwambia ukweli bila kusoma hizo tegi. Kwenye dirisha la kuandika barua, nenda "Format Text", kuna kitufe chenye alama ya aya, ile kama P iliyogeuzwa, ¶. Kibonyeze. Kila mwisho wa aya itaonekana alama hiyo. Ukikuta alama imekaa peke yake kwenye mstari, hilo pengo ni la Enta. Ukikuta hakuna alama ya peke yake lakini pengo lipo, hilo ni la maelekezo. Ukikuta kishale kilichopinda kwenda kushoto, mtu kabonyeza Shift na Enta, huo ni mstari mpya ndani ya aya ile ile, na kishale hicho tutakihitaji sana mbele.

Kisha weka kasa, kile kijistari kinachopepesa unapoandika, kwenye aya iliyoachana, kwenye kundi la "Paragraph" kuna kishale kidogo kona ya chini kulia, kibofye lifunguke boksi, angalia "Before" na "After" zimeandikwa nini. Kwa barua zako mpya utakuta 0 pt. Kwenye ile nukuu iliyorudi utakuta imeandikwa "Auto". Hiyo "Auto" maana yake Outlook imekuta p haina maelekezo imeamua kufuata kawaida ya HTML. Na hapo ndo jibu la lile swali lako la pili, kwa nini ukijibu katikati ya mistari yake maneno yako nayo yanaachana: ukiweka kasa ndani ya nukuu na kubonyeza Enta, aya mpya inarithi tabia ya aya uliyosimama, na uliyosimama ni ya "Auto". Haijali kwamba anayeandika ni wewe na sio yeye.

Dawa sasa. Kwa nukuu ambayo imeshaharibika, isafishe kabla hujaanza kuandika ndani yake: chagua ile sehemu ya nukuu peke yake, fungua boksi la Paragraph, weka Before 0 na After 0, line spacing iwe Single, OK. Pengo litarudi kuwa la mstari mmoja kwa sababu zile aya tupu bado zipo. Usichague barua nzima kwa Ctrl+A, utaharibu na saini ya chini yenye nembo na jedwali kama ipo. Hii unagusa nafasi tu, neno la mteja hata moja usilisogeze, hasa barua zenye bei na uzito, maana siku ya mzozo nukuu hiyo ndo ushahidi.

Lakini dawa hiyo utaipaka kila siku. Ninayoipendelea mimi, na nimewashauri watu wengi wa ofisini, ni kubadilisha namna unavyotengeneza pengo toka mwanzo. Acha Enta mbili. Fungua barua mpya, kwenye Paragraph weka After 10 au 12 pt, halafu kila aya maliza kwa Enta moja tu. Uzuri wake ni huu: barua ikienda Gmail na kurudi ikavuliwa kichwa, aya inarudi kwenye em moja ya kawaida, na em moja kwa fonti ya 11 ni pointi 11, yani karibu sawa na ulichoweka wewe. Hata maelekezo yakipotea hupotezi kitu, mtu hawezi kugundua tofauti. Ile ya Enta mbili ikipoteza maelekezo ndo inafumuka. Na ukiona kazi kuseti kila barua, humo humo "Format Text" kuna "Change Styles", ndani yake "Paragraph Spacing", chagua yako kisha "Set as Default", barua mpya zitaanza nayo.

Sasa utaniuliza, na zile sehemu ninazotaka mistari ikae karibu? Anwani, namba za kontena, idadi ya magunia, jina la meli, hizo ukimaliza kila mstari kwa Enta zitaachana kwa pointi kumi kumi na orodha ya kontena ishirini itarefuka karibu mara mbili. Hapo ndo kile kishale kilichopinda. Shift na Enta. Mstari wa Shift+Enta sio aya mpya, kwenye HTML ni tegi ya br, haina marjini wala haijawahi kuwa nayo, kwa hiyo hakuna programu ya kuipanua. Outlook, Gmail, Thunderbird, simu, popote inakaa vile vile. Orodha yako yote iandike kama aya moja yenye Shift+Enta kila mwisho wa mstari, na mwisho wa orodha Enta moja ya kawaida. Kama kwa sababu ya mambo ya ofisi umebaki na Enta mbili basi angalau hili la orodha lifuate, peke yake litakuondolea nusu ya malalamiko.

Saini yako ya chini pia, jina, cheo, simu, S.L.P., mara nyingi kila mstari ni aya yake, ndo maana kwenye barua zilizorudi mara nyingi unakuta saini imekuwa ndefu kuliko barua. Nenda File, Options, Mail, Signatures, ifute mistari uiunganishe upya kwa Shift+Enta. Dakika chache, unaifanya mara moja basi.

Upande wa mteja wako kule Gmail hakuna cha kumwambia abadilishe na wala usimsumbue. Gmail yenyewe ikiandika haitumii p, inatumia tegi ya div, ambayo kwa kawaida haina marjini, ndo maana watu wa Gmail lazima wabonyeze Enta mbili wapate pengo na barua zao zikifika kwako zinakaa vizuri tu. Tatizo sio anachoandika yeye, ni inavyobeba ulichoandika wewe.

Mwenzenu wa Lindi na Thunderbird yake ni jambo lingine kidogo. Thunderbird ina namna mbili za kuandika, "Body Text" na "Paragraph", zinaonekana kwenye kiboksi juu ya sehemu ya kuandikia. Kwenye Body Text, Enta ni br, mistari inakaa karibu. Kwenye Paragraph, Enta ni p, na hiyo p haina maelekezo yoyote, inategemea kawaida, na hii ndo imewekwa tangu mwanzo kwenye matoleo ya miaka ya karibuni. Sasa mtu aliyezoea Enta mbili akiwa kwenye Paragraph anapata aya, pengo, aya tupu, pengo, aya, ile ile hesabu yetu ya mistari mitatu, ila huyu anaizalisha mwenyewe kabla barua haijatoka hata nje ya Lindi. Mwambie ama abonyeze Enta moja, ama aende kwenye Settings, Composition, aondoe tiki kwenye ile ya kutumia Paragraph badala ya Body Text. Mi ningemwambia abaki na Paragraph na Enta moja, atafanana na wewe na barua zenu zikiunganishwa hazitapingana.

Orodha zilizoshikana mstari mmoja, hii ni kinyume cha shida yako na chanzo chake ni kingine kabisa. Hizo karibu zote ni barua za maandishi matupu, hazina HTML, na Outlook ina setingi inayoondoa mistari inayoiona ni ya ziada kwenye maandishi matupu. Nia yake ni njema, kuna programu zinazokata mistari ikifika herufi sabini na kitu kwa sababu kanuni za imeili zinashauri mstari usizidi herufi 78, basi Outlook inajaribu kuiunganisha isomeke kama aya. Ila haiwezi kujua kwamba ile ilikuwa orodha ya kontena. Ikifanya hivyo inakwambia, juu ya barua kuna ukanda mdogo unasema mistari ya ziada imeondolewa, ubofye, orodha inarudi palepale. Na kuizima moja kwa moja, File, Options, Mail, shuka mpaka chini kwenye "Message format", toa tiki kwenye "Remove extra line breaks in plain text messages". Kwa kazi yako ya nyaraka mi ningeizima leo hii, maana namba mbili za kontena zikishikana mtu akazisoma vibaya huo sio tena usumbufu wa macho, mzigo unaweza kukwama.

Kuna mlango mwingine wa mapengo sikukusikia ukiutaja lakini najua upo kwa sababu ofisi zote zinafanya: kukopi ripoti kutoka Word na kupesti kwenye imeili. Word ya 2013 ilikuja na pointi 8 baada ya kila aya na nafasi ya mistari ya 1.08, ile ya 2007 ilikuwa 10 na 1.15, na ukipesti hivi hivi vipimo vyote vinaingia na barua, nusu ya juu ina nafasi hii nusu ya chini nafasi ile. Ukipesti kwenye Outlook chagua ile alama ya kupesti maandishi tu, kwenye Gmail ni Ctrl+Shift+V. Utapoteza bold na rangi, uziweke upya, ni nafuu.

Na angalia kompyuta yako ina Outlook gani, kwa sababu sa hivi Windows nyingi zina mbili, kwenye menyu ya Start ile ya zamani inaandikwa "Outlook (classic)". Yote niliyosema kuhusu boksi la Paragraph, ¶ na MsoNormal ni ya hiyo. Ile mpya imejengwa kwa injini ya brauza, inaandika kwa div karibu sawa na Gmail, kwa hiyo ukihamishiwa huko Enta mbili zinakuwa hazina madhara tena na boksi la pointi hutalikuta. Shift+Enta inabaki vile vile.

Kabla hujamwandikia mteja mwingine, jaribu hivi: kwenye Outlook ya ofisi andika barua fupi ya uongo, aya mbili za Enta mbili kama ulivyozoea, chini yake aya mbili za Enta moja zenye After 12, chini yake orodha ya mistari mitano ya Shift+Enta. Itume kwenye Gmail yako binafsi, ifungue kule kwa kompyuta, ijibu neno moja tu, irudi ofisini. Ifungue iliyorudi ubonyeze Reply uwashe ¶. Ukikuta hata ile orodha ya Shift+Enta imeachana basi barua zenu zinapita kwenye kitu kingine hapo kati, pengine seva inayobandika tangazo la kampuni chini ya kila barua, maana na hizo huwa zinaandika HTML upya. Hapo chukua ile "View Source" ya barua iliyorudi, ihifadhi kwenye faili la maandishi unitumie kama kiambatanisho, usiipesti ndani ya imeili kwa sababu itabadilika tena, na majina ya wateja na bei yafute kwanza.